Mkonge Uliohama

Debora mwanangu,

Sikuulizi hali. Umepita hapa mlangoni sasa hivi ukielekea kwa shangazi yako kuaga, na hali yako nimeiona: mafua kidogo na haraka nyingi. Ni saa kumi jioni. Nina kama saa mbili kabla hujarudi, kwa sababu shangazi yako hamwachi mtu aondoke bila kula, na kabla ya kula lazima akuombee, na kabla ya kukuombea lazima akusimulie ndoto zake zote tangu Pasaka.

Mambo ya kuchemsha maji na kulala ndani ya chandarua mama yako amekwisha kuyasema mara tatu, na ya nne atayasema kesho stendi. Mimi sina la kuongeza. Kuhusu uamuzi wako wa kuacha ile nafasi ya hospitali ya mjini, ukaomba upelekwe kwenye zahanati ya kanisa huko nyikani kwa wafugaji, mahali ambapo wauguzi wawili waliokutangulia hawakumaliza mwaka, niliyasema yangu mwezi uliopita, tena kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Ulinisikiliza, ukaenda kujaza fomu. Nimekwisha kushindwa na sirudi tena uwanjani.

Ninakuandikia kwa sababu ya ushuhuda wako wa Jumapili.

Ulisimama mbele ya kanisa ukasema watu wanakuuliza kama umehesabu gharama ya kumfuata Yesu huko unakokwenda. Ukasema hukufundishwa gharama darasani, ulimwona baba yako akiilipa. Ukasimulia ule mkutano wa kijiji niliposimama peke yangu. Ukasimulia mazishi ya bibi yako, jinsi majirani walivyotususia, jinsi ulivyobeba maji peke yako. Ukasimulia hata siku nilipomwombea mfugaji mgeni hapa nyumbani mpaka akatokwa na machozi. Kanisa lote likasema Amina. Mimi niliinamisha kichwa, na mama yako akanipa leso akidhani nalia. Sikuwa nalia. Nilikuwa nahesabu ni wangapi mle ndani wanaojua ninachokijua. Nilipata sita. Mama yako nilimweka kama nusu, kwa sababu anajua na hataki kujua.

Unaondoka kesho ukiwa umeegemea hadithi hiyo, na nguzo yake ni mimi. Nguzo yenyewe ina mchwa. Nikinyamaza utaondoka ukinipenda kwa jambo ambalo sikulifanya. Nikisema, huenda usitake hata nikusindikize. Hilo la pili ndilo ninaloliogopa, Debora, na naliogopa sana. Umri huu sina mtu mwingine wa kunisifia.

Basi nianze na mkonge.

Ulipokuwa darasa la kwanza, maofisa wa ardhi walikuja kutoka wilayani kupanga matumizi ya ardhi ya kijiji chetu. Wanakijiji wanne tulichaguliwa kuzunguka nao. Wawili walishika futi, mmoja alifyeka njia, na mimi nilishika kalamu kwa kuwa nina mwandiko wa shule ya misheni. Tulipima mashamba, tukapima malisho, halafu tukapima njia ya ng'ombe, kutoka chini ya kilima hadi Mto Mkondoa mahali wanapokunywa maji. Upana wake ulikuwa hatua thelathini. Niliandika kwa tarakimu na kwa maneno. Kisha tukapanda mkonge pande zote mbili uwe mpaka, kwa kuwa mkonge mbuzi hali na moto haumalizi. Tulipomaliza tuliombea ile mipaka, na aliyeomba alikuwa mimi.

Wewe umekua umezungukwa na mkonge, lakini sidhani kama umewahi kuutazama unavyozaa. Mama mmoja hutoa watoto pembeni mwake, huku na huku. Ukikata mama, ukang'oa watoto wa upande wa shambani kwako, ukamwacha mmoja aliyeota upande wa njia, mpaka umesogea hatua nzima. Hakuna uliyemwibia. Hukuchimba wala hukuhamisha kitu. Ulikuwa unapalilia. Mtu akikuuliza utamwonyesha mkonge, na mkonge ni ule ule, ukoo ule ule.

Sote tulipalilia hivyo. Sijui nani alianza, na kama ni mimi sikumbuki, ingawa ni ajabu kwamba mambo mengine yote ya miaka ile nayakumbuka. Kipande changu cha karibu na mto kina udongo mweusi unaoshika unyevu mpaka Agosti. Wewe unakijua kwa jina la shamba la vitunguu. Vitunguu vile ndivyo vilivyokupeleka sekondari. Nusu ya vitunguu hivyo, mwanangu, iliota juu ya njia ya ng'ombe.

Baada ya miaka michache hatua thelathini zilikuwa zimebaki tisa. Na ng'ombe mia mbili wenye kiu hawapiti kwenye hatua tisa kwa mstari kama kwaya inayoingia kanisani.

Hapo ndipo anapoingia Baba Shija. Alikuja na familia yake kutoka Usukumani, akapangiwa eneo lake upande wa malisho kwa barua zote za halali. Alikuwa Mkristo. Alikaa benchi la nyuma kabisa, fimbo yake ameilaza chini ya benchi, na aliimba nyimbo zetu kwa sauti nene, nusu beti nyuma yetu. Mwanawe Shija mlikuwa darasa moja. Kiangazi kile ng'ombe wake walishuka kunywa maji, wakafurika pembeni, wakakanyaga mahindi ya watu na vitunguu vyangu. Vijana wakawakamata ng'ombe, mtendaji wa kijiji akaitisha mkutano, na neno likawa ni moja tu: wafugaji wamevamia mashamba.

Siku mbili kabla ya mkutano Baba Shija alikuja hapa nyumbani. Ilikuwa mchana, umerudi shuleni, ndiye wewe uliyemletea kiti na karanga za kuchemsha.

"Bwana asifiwe, mzee wa kanisa," alisema.

"Amina. Karibu, ndugu yangu."

"Mimi siombi unitetee. Ng'ombe wangu wamekosa, hilo nimelikubali. Lakini siku ya kupima wewe ulishika kalamu. Naomba useme tu, ile njia ilikuwa hatua ngapi."

Ni hilo tu alilotaka. Sentensi moja yenye tarakimu ndani yake.

Nikamwambia, "Jambo hili ni zito. Tuliweke kwanza mbele za Bwana."

Akavua kofia. Nikaomba. Niliomba amani ya kijiji, nikaombea mifugo, nikaombea watoto wa pande zote, mvua za vuli, na wasafiri. Nilipofika kwa viongozi wa taifa nilijua vizuri ninachokifanya, lakini nilikuwa nimekwisha kupata kasi. Niliposema Amina alikuwa anajifuta uso kwa kiganja. Alinishukuru. Alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaenda zake akiamini kwamba nimemjibu. Na wewe uliyekuwa umesimama mlangoni na sahani uliniambia, "Baba, umeomba vizuri sana." Ulikuwa na miaka kumi na mbili.

Siku ya mkutano ilionekana kwamba ile karatasi ya vipimo imepotea ofisini, panya au watu. Mtendaji akauliza, "Kuna yeyote wa kamati ya kupima hapa?" Wenzangu wawili walikuwa wamefariki, wa tatu alihamia kwa wanawe Kilosa mjini. Nilikuwa benchi la tatu. Baba Shija aligeuka akanitazama. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alinitazama kama mtu anayemngoja mwenzake aanzishe wimbo.

Nilitazama viatu vyangu. Nilivitazama mpaka mtendaji akaendelea.

Waliamua familia ile iondoke kabla mwezi haujaisha. Halafu, kwa kuwa sisi ni Wakristo, wazee wa kanisa tulikusanya unga wa safari. Mimi ndiye niliyetumwa kuupeleka. Aliupokea kwa mikono miwili. Hakusema neno la lawama, na mpaka leo sijui kama alikuwa amenielewa akanisamehe, au alikuwa bado hajanielewa. Nilirudi nyumbani nikala ugali wangu vizuri. Nakwambia hivyo ili usidhani dhamiri hupiga kelele siku ile ile. Yangu ilikuwa na adabu, ilingoja.

Sasa, mkutano uliouona wewe.

Ulikuwa miaka miwili baadaye, uko kidato cha pili, umekuja likizo. Maofisa wa wilaya walikuwa wamerudi kukagua njia za mifugo. Nikasimama nikasema, "Njia ya ng'ombe ni hatua thelathini. Niliandika kwa mkono wangu. Mimi mwenyewe nimeila, na wenzangu wameila." Watu wakazomea. Wewe ulikuwa umekaa pembeni na kina mama, na uliona baba yako amesimama peke yake. Hiyo ni kweli, nilikuwa peke yangu. Kila neno nililosema lilikuwa kweli tupu.

Ambacho hukukiona ni mahali nilipokuwa natazama. Nilikuwa namtazama Baba yako Mkubwa Yohana.

Msimu ule kaka yangu na mimi tulikuwa tumegombana juu ya tuta lililokuwa kati ya shamba lake na langu. Mambo ya urithi, maneno mengi, aliniita mtoto mbele ya wake zetu. Ukiwa mzee wa kanisa huwezi kumpiga mtu, kwa hiyo unatafuta njia nyingine. Kipande changu kilikuwa nusu ndani ya njia ya ng'ombe. Cha Yohana kilikuwa chote. Nililijua hilo kabla ya kusimama. Ndiyo, Debora, nilikuwa nimehesabu gharama, na nikaona yake ni kubwa kuliko yangu.

Wakati huo Baba Shija alikuwa ameondoka zamani. Hakuna ng'ombe wake hata mmoja aliyepata kunywa maji kwa ukweli wangu.

Yaliyofuata unayajua, ila unayajua kwa upande mmoja. Mashamba kumi na manne yalikatwa ili njia irudi hatua thelathini. Mwaka ule ule bibi yako akafariki hapa kwetu. Unajua desturi yetu: ukisikika msiba, hakuna anayeitwa. Wanaume wanakuja na majembe, wanawake na ndoo za maji na unga, na mwenye msiba hata kuni hashiki. Tulingoja asubuhi nzima. Walikuja watu wanane. Ulibeba maji kutoka mtoni mpaka mabega yakavimba, na hukulalamika, kwa sababu ulifikiri tunateswa kwa ajili ya haki. Nilikuona kila ulipopita na ndoo. Ningeweza kukwambia siku ile. Nilikuacha ubebe.

Kaka yangu alichimba kaburi pamoja nami, kwa kuwa marehemu alikuwa mama yake pia. Tulichimba bila kusemezana mpaka udongo ukatufika kifuani. Ndipo akaegemea jembe akasema, "Elia mdogo wangu. Ungesema siku ile yule Msukuma amesimama pale anakutazama, ningekupinga, lakini ningekuheshimu. Na msiba huu watu wangekuja, hata kama wana hasira. Wewe umesema kwa ajili ya kunikomoa mimi. Watu si wajinga."

Nilirusha udongo juu.

Kwa hiyo wale majirani hawakutususia kwa sababu ya ukweli. Walinisusia kwa sababu walinisoma. Wahenga wanasema heri nusu shari kuliko shari kamili, na kwa mambo ya ugomvi wa jirani labda ni kweli. Mimi niliichukua hiyo nikaipeleka kwenye ufuasi wa Kristo. Nilimfuata kwa nusu nikifikiri nusu itanigharimu nusu. Nimelipa yote. Shamba limekwenda, majirani walikwenda miaka mingi, kaka yangu ananiamkia kama karani wa ofisi. Na nilichopaswa kukipata baada ya kulipa, ile amani mnayoiimba, sikupata, kwa sababu sikulipa mahali panapohusika.

Nimejiuliza sana Bwana alitaka nini kwangu wakati ule. Sidhani alitaka shamba. Alitaka nijibu swali la mtu aliyekaa kwenye kiti changu, mchana, nikiwa na njaa na karanga ziko karibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo makubwa: kufungwa, kupigwa mawe, kukatazwa kuabudu. Hayo sikuulizwa. Niliulizwa hatua ngapi.

Huko unakokwenda watu watakuuliza maswali ya namna hiyo. Dawa ilikwisha lini. Nani alikuwa zamu. Mtoto aliletwa saa ngapi. Sikufundishi kazi yako, na wala sina uso wa kukuhubiria. Nasema tu kwamba mimi, nikisikia leo mtu anaombwa jibu akasema tuombe, hufungua jicho moja.

Na lingine ambalo nalijua kwa kuwa limeniuma: kweli inaweza kuwa silaha kama panga lolote. Ukijiona una hamu sana ya kuisema, tazama kwanza unamtazama nani.

Jumatano nilikwenda Mikumi. Nilimwambia mama yako nafuata mbegu, na yeye akajua hakuna mbegu Mikumi ambayo haipo Kilosa. Shija yuko pale, barabara kuu, mahali malori ya Iringa yanapolala. Anaziba pancha, ana mashine ya upepo na vijana wawili wa kazi. Mwaka jana nilipita kwa basi nikamwona, nikashusha pazia la dirisha. Safari hii niliteremka.

"Shikamoo, Mzee Elia," alinitambua mara moja.

"Marahaba, Shija. Habari za baba?"

"Baba alitutoka mwaka juzi." Akanipangusia kigoda kwa kitambaa cha grisi. "Alikuwa anakutaja. Akisema kuna mzee mmoja kule, sisi tukiwa tunafukuzwa, alituombea."

Nikakaa, nikamwambia yote kama nilivyokuandikia, mkonge, kalamu, maombi, viatu, kaka yangu. Alikuwa anang'oa tairi la lori, na hakuacha kazi. Nilipofika kwenye unga wa safari aliacha.

"Nimekusikia, mzee," akasema.

"Nisamehe, mwanangu."

"La baba mimi siwezi kulijibu. La kwangu nitaliangalia." Dereva wa lori akamwita, hakuitika. "Debora tulisoma naye. Anajua haya?"

"Hajui."

"Basi umeanza kwangu kwa sababu kwangu huna cha kupoteza." Hakusema kwa ukali. Alichukua nyundo yake akarudi kwenye tairi, akamwambia kijana mmoja anisindikize mpaka kwenye kivuko cha barabara, malori yanapita kwa kasi.

Nilirudi na basi la jioni nikiwa nimemchukia kwa muda wa kama nusu saa. Tulipofika njia ya Kilosa chuki ilikuwa imekwisha na maneno yake yalikuwa bado yapo.

Sikwambii usiende. Mwezi uliopita nilisema usiende, na nilikudanganya kuhusu sababu. Nilisema ni mbali, nikasema ni hatari. Sababu yenyewe ni kwamba ulikuwa unafanya kwa moyo wote kile nilichokifanya kwa nusu, na nilikuwa naona haya kukutazama. Nenda. Kama moyo wako ulikuwa umeniegemea mimi, uondoe, umwegemee yule uliyesema unamfuata. Kama baada ya kusoma utaona kwamba bila hadithi ile huna tena nguvu ya kwenda, hilo nalo ni bora ulijue leo ukiwa hapa, ile nafasi ya mjini bado hawajampa mtu.

Nilikuwa nimepanga kuichomeka barua hii katikati ya nguo zako, uikute ukishafika. Nilikuwa nimekwisha kuikunja ndogo. Halafu nikaona kwamba huo ndio ule ule mtindo wangu wa siku zote, kusema kweli aliyehusika akiwa ameshaondoka.

Nasikia mama yako anakupokea uani, shangazi amekupa kuku. Ninatoka sasa hivi nikupe mkononi. Nitavuta kigoda nikae mbele yako mpaka umalize kusoma, na nitakutazama wewe.

Baba yako,
Elia